Majani Ishirini na Matatu

Jani la kwanza liligeuka manjano siku ya Jumanne. Nusura binti Maftah aliliona kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu katika ofisi nzima yeye ndiye pekee aliyeandikiwa kuliangalia. Alisimama na birika mkononi, akasoma dua aliyofundishwa na babu yake, ya kumkinga msafiri na simba. Hakujua nyingine iliyokaribia zaidi jambo lile.

Lilikuwa jani dogo, la upande wa ukutani, rangi yake kama kiini cha yai. Mahali pengine jani likigeuka manjano ni jani tu. Mtu hulichuma, akalitupa, akaendelea na maisha yake. Lakini hii ilikuwa Kampala, mwaka 1974, na jani lile lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na bastola.

Ua lenyewe lilikuja mwezi wa Mei. Mke wa balozi wa nchi moja ya baridi, nchi ambayo ofisini hawakuwahi kukubaliana iko wapi, alikuja kuomba kibali cha kuingiza masanduku ya vinywaji, akaleta na chungu kilichofungwa kwa karatasi ya kumetameta. Ndani mlikuwa na maua ya rangi ya waridi yaliyogeuza petali zake nyuma kama masikio ya sungura anayekimbia, na majani ya umbo la moyo yenye marembo ya fedha, kana kwamba mchoraji fulani wa hina aliishiwa na hina akamalizia kwa alichokuwa nacho. Yule mama akasema linaitwa siklameni. Meja alilirudia jina hilo mara tatu, na mara ya tatu alilitamka kama jina la kilima kinachotakiwa kutekwa kabla ya alfajiri.

Meja ndiye alikuwa mkuu wa Idara ya Vibali. Jina lake halikutajwa. Watu walisema "Meja" tu, tena kwa sauti ya chini, kama wanavyomtaja nyoka jua likishazama. Miaka mitatu nyuma alikuwa sajini wa gwaride kambini. Siku moja akaamka ni meja, wiki iliyofuata akaamka ni mkuu wa idara, na kwa kuwa kazi aliyoijua ilikuwa moja, akaendelea nayo hiyohiyo: aliwapanga makarani mstari, akawahesabu. Alihesabu viti. Alihesabu mihuri. Ua lilipowekwa dirishani ofisini kwake, pembeni mwa meza, akalihesabu majani kwa ncha ya kifimbo.

"Ishirini na tatu," alisema. "Nani nachunga hii askari?"

Makarani wote wakatazama dari, na tangu ijengwe haikuwahi kutazamwa kwa makini kiasi kile. Nusura hakutazama dari kwa sababu alikuwa anatazama birika lisimwagike.

"Wewe, mama ya chai. Iko na maji?"

"Yapo, Afande."

"Basi."

Ndivyo alivyopanda cheo. Mchana ule Monique, taipisti, aliipiga amri kwa mashine kwa maneno ya Meja mwenyewe, maana hakuna aliyethubutu kuyasahihisha, nayo ikapigiliwa ukutani juu ya chungu: AMRI. HII MAUA NI MALI YA SERIKALI. MAJANI 23. NACHUNGA: NUSURA WA CHAI. IKIKUFA, YEYE NAJIBU.

Nusura alijua maana ya kujibu. Katika chumba cha makarani, mbele kabisa ya mlango wa Meja, kulikuwa na kiti cha Okeny, na begani mwa kiti hicho kulining'inia koti la Okeny. Alikuwa karani wa mafaili, mtu wa Gulu, mpole, mpenzi wa peremende. Mwezi wa Februari waliingia wanaume wawili wenye miwani ya jua na viatu vya soli nene, wakamwambia anatakiwa kwa maswali mawili. Aliliacha koti, kwa sababu mtu haendi na koti kwenye maswali mawili. Gari lilikuwa limesimama nje buti likiwa wazi, na makarani waliokuwa karibu na dirisha walikumbuka ghafla kwamba wana kazi mbali na dirisha. Sasa ilikuwa Julai. Maswali mawili, hata yangekuwa yale ya Makerere yenye vipengele kuanzia a mpaka h, yangekuwa yamekwisha na kusahihishwa.

Koti hakuna aliyeligusa. Kuliondoa ni kusema unajua Okeny harudi, na wewe umejuaje? Kumtunzia ni kusema unamngoja, na unamngojea nini? Kwa hiyo lilibaki palepale, na kila Alhamisi Nusura alilipangusa vumbi huku ametazama kwingine.

Alikuwa na miaka arobaini na minne. Babu yake mzaa baba alitoka Bagamoyo na marobota ya nguo, akaja Kampala kuuza, akauza, akaoa, akasahau kurudi. Baba yake, Maalim Maftah, alifundisha watoto Kurani asubuhi na kuuza viungo jioni, na Nusura alikulia katikati ya harufu mbili, ya wino wa mbao za madrasa na ya iliki. Aliolewa na dereva wa lori, lori likamuua mume, likamwachia Nusura binti mmoja, Mwanawetu, na chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi kule Nakawa. Mwaka 1957 akaajiriwa kupika chai katika idara hii, enzi za Waingereza, na chai hiyo ilikuwa haijawahi kusimama hata siku moja. Uhuru ulipokuja ilikuwa jikoni. Mapinduzi yalipotangazwa redioni ilikuwa jikoni, ikachemka ikamwagika, na hilo ndilo jambo pekee la siku ile alilokubali kulizungumzia.

Watu aliwajua kwa vikombe. Hakuwatazama usoni, ilikuwa adabu na baadaye ikawa usalama. Alitazama kikombe kinavyorudi. Mkuu wa kwanza, Mwingereza, alirudisha nusu na kitako cha sigara ndani. Wa pili alirudisha kikombe na kusahau kijiko mfukoni. Wa nne, Mganda mmoja mwembamba, alirudisha kikombe kimenywewa upande mmoja tu wa mdomo, na Nusura alijua ana jino bovu kabla mke wake hajajua. Na Meja? Kikombe cha Meja kilirudi kitupu. Kitupu kabisa, kila siku, bila hata kitone, kama kilichorambwa.

"Yule mtu anaweza kuwa vile alivyo," Nusura alimwambia Monique siku moja, "lakini chai yangu anaimaliza."

"Dada Nusura, usijisifu kwa sauti," alisema Monique. "Hapa hata sifa zinaandikwa."

Alijisifu kwa haki. Tangu wenye viwanda wafukuzwe nchini, sukari ilikuwa imehamia kwenye hadithi. Watoto wa Nakawa waliijua kama walivyojua theluji. Makarani walikunywa maji ya moto yaliyopitishwa karibu na majani. Lakini chai ya Meja ilikuwa na maziwa, vijiko vinne vya sukari iliyofungiwa kabatini kwa kufuli, tangawizi iliyotwangwa na iliki. Kikombe kile kimoja kwa siku ndicho kilichobaki cha ufundi wake wote.

Turudi kwenye jani. Nusura alifanya kile ambacho kila mtu mwenye hofu hufanya: alizidisha. Jumatano alimwagilia ua asubuhi, mchana na jioni. Alhamisi yakawa majani matatu, mawili yakiwa na vikonyo laini kama tambi iliyolala. Udongo ulikuwa umelowa na sisimizi walikuwa wanapita juu yake kwa foleni ndefu, akadhani sisimizi wanafuata udongo wa Ulaya. Akaongeza maji. Na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya gwaride la majani, ingawa wiki ile Meja alikuwa ameanza kuyatazama kila siku, muda mrefu, bila kuhesabu, huku akikuna kidevu.

Kuyachuma haiwezekani, yangepungua. Kuyaacha haiwezekani, yangeonekana. Ijumaa saa moja asubuhi, Meja hajafika, Monique aliingia na kidau cha wino wa kijani wa mihuri, kijiti cha kiberiti na pamba.

"Hii ni wazimu," alisema Nusura.

"Ndiyo. Shika kidau vizuri."

Wakayapaka matatu, pole pole, kama wanaopaka mtoto dawa ya macho. Saa nne Meja akasimama mbele ya chungu, Nusura pembeni na sinia. Kifimbo kikaanza kugusa: moja, mbili, tatu. Kilipofika kumi na saba kikasimama.

"Hii moja iko kijani sana."

Nusura alisikia sauti yake mwenyewe ikijibu kabla hajaituma. "Ametoka mafunzoni, Afande."

Meja alimtazama. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kumtazama. Kisha akaendelea mpaka ishirini na tatu, akageuka, akachukua kikombe chake cha chai, akamwonyesha mlango kwa kifimbo. Na ncha ya kifimbo ilikuwa kijani.

Usiku wa Ijumaa hakulala, lakini hilo si la kusimulia. Kampala yote ilikuwa hailali. Jumamosi akafunga jani moja la manjano lililodondoka lenyewe na konzi ya udongo katika pindo la leso yake, akaenda Ntinda.

Ntinda aliishi Odoch, aliyekuwa mtunza bustani wa Mzungu mmoja ambaye marehemu mumewe Nusura alimwendeshea lori. Mzungu alikuwa ameondoka na mabegi mawili, akamwachia Odoch nyumba, mbwa na waridi sitini. Mbwa alikufa. Waridi Odoch aling'oa mwenyewe, akapanda viazi vitamu. Alikuwa mtu wa Kitgum, kaskazini kama kwao Okeny, na tangu watu wa upande wake waanze kuulizwa maswali, mji alikuwa anausikia redioni tu. Nusura alimkuta ameinama katikati ya matuta, na alipopiga hodi yule mzee alishika jembe kwanza, ndipo akageuka.

"Ni mimi, Mzee Odoch. Mke wa Salum dereva."

"Salum alikufa."

"Ndiyo. Mimi bado."

Odoch akaweka jembe chini. Akasikiliza habari ya ua huku akitazama barabara, akalipokea jani la manjano, akaligeuza.

"Hiki ni kiazi, mama," alisema. "Maua yale ni kofia tu. Chini pale kuna kiazi kimekaa kama kiazi kingine chochote, ila hiki kimesoma Ulaya. Mke wa Mzungu wa hapa alikuwa nacho. Siku ya kuondoka alikililia kuliko alivyomlilia mbwa."

"Kinataka nini?"

"Kinataka kwao. Kikipata joto kinapiga manjano. Kikikauka kinapiga manjano. Kikilowa sana kinapiga manjano."

"Sasa ni wakati gani hakipigi manjano?"

"Ukiwa umekiuza," alisema Odoch, na uso haukucheka. "Umekiweka juani?"

"Dirishani kwa Meja."

"Kitoe. Kikae upande wa kivuli penye upepo. Maji usikimwagie kichwani, kiazi kitaoza. Tia maji kwenye sahani, kinywe kwa chini kama ng'ombe, kikishakunywa mwaga yaliyobaki. Halafu usikiguse mpaka udongo ukauke juu. Na jani likishakuwa hivi halirudi. Usilikate. Lishike kikonyo chini kabisa, zungusha, vuta mara moja, kama jino la mtoto. Leta huo udongo."

Akachukua konzi ile, akaibonyeza kwa kidole gumba, akainusa. Akainusa tena. Akamtazama Nusura kwa namna ambayo hakuipenda.

"Mama, wewe unakinywesha au unakipikia?"

"Sikuelewi."

"Una maziwa huu. Umechacha. Na sukari, sisimizi lazima wamejaa. Na kuna kitu kingine kinachoma pua..."

Nusura aliupeleka udongo puani. Pua yake ilikuwa imekaa na harufu ile miaka kumi na saba, kazini ilikuwa haiisikii tena. Lakini hapa, kwenye upepo, kati ya matuta ya viazi, aliutambua mkono wake mwenyewe.

"Tangawizi," alisema. "Na iliki."

Akakaa chini juu ya tuta. Odoch alifungua mdomo kuteta kuhusu viazi vyake, akaufunga.

Kikombe chenye tangawizi na iliki kilikuwa kimoja tu. Kitupu kila siku, kama kilichorambwa. Miezi miwili na nusu Meja alikuwa hajaonja chai yake hata tone. Alikuwa analinywesha ua. Kwanza Nusura aliona uchungu wa kipumbavu, uchungu wa mpishi: sukari yote ile, vijiko vinne kwa siku. Kisha akili ikapanda ngazi ya pili. Mtu hamwagi chai kwa sababu haina sukari. Mtu mkubwa, mwenye bastola, anayehesabu viti, anamwaga chai kwa siri kwa sababu moja. Na akishaogopa chai, ameshamfikiria mpika chai. Kwa jina.

Ngazi ya tatu ilikuwa mbaya zaidi, akaipanda akiwa ameshika kichwa. Meja analinywesha ua chai aone litakuwaje. Na ua linakufa.

"Ndiyo maana anahesabu," alisema.

"Nani?"

"Mzee Odoch, yule mtu anadhani namtilia sumu. Na ua linamwambia ndiyo."

Barabarani lilipita gari, wote wawili wakangoja lipite.

"Mwambie chai ndiyo inayoua ua," alisema mwishowe. "Hata chai nzuri. Maziwa yanaozesha kiazi. Ni kweli tupu."

"Nimwambie najua anamwaga? Nimwambie najua anaogopa?"

"Basi usimwambie." Akachukua jembe. "Mimi naishi na viazi vitamu, mama. Habari za watu usiniulize."

Lakini alimpa vitatu vikubwa vya kupeleka nyumbani, akamsindikiza mpaka mwisho wa matuta, si zaidi.

Jumapili Nusura alipika viazi vile na hakula. Alipima njia zote. Kukimbia, kwenda Ggaba, bandari ya ziwani, akatafute mtumbwi wa kumvusha, ni kukiri. Na Mwanawetu je, na shule yake, na nani angemwamini mwanamke mwenye birika? Kuacha kutia tangawizi ni kukiri. Kupika chai mbaya ni kukiri. Kila alilogusa lilikuwa kukiri. Mwanawetu, aliyekuwa na miaka kumi na minne na hakuwa anajua lolote, alimimina uji, akachukua kijiko cha mama yake kuuonja kwanza kama alivyozoea, akamsogezea mama bakuli. Nusura akamtazama mkono.

Nyumbani kwa babu yake kinywaji hakikumfikia mgeni kabla aliyekipika hajakinywa mbele yake. Kuondoa wasiwasi, waliita. Ilikuwa adabu ya kawaida kama kuvua viatu, na Nusura alikuja nayo kazini mwaka 1957. Siku ya tatu tu yule Mwingereza wa kwanza alimwona anaonja kwenye sahani ya kikombe chake, akamwambia huo ni uchafu, asirudie tena. Hakurudia. Wakuu sita, miaka kumi na saba, na haijawahi kumpitia akilini kwamba wasiwasi ambao hajauondoa ulikuwa unajikusanya mahali.

Jumatatu saa nne aliingia na sinia. Meja alikuwa amekaa. Mezani, juu ya mafaili, kulikuwa na kifimbo kimelazwa, ncha ya kijani imeelekezwa mlangoni, na bastola imelazwa sambamba nacho. Dirishani majani matano yalikuwa manjano wazi, mengine matatu yameanza, na wino wa Ijumaa ulikuwa umechuruzika ukafanya madoa kwenye sahani.

"Hii nini?" alisema Meja, akagusa ncha.

"Wino, Afande."

"Nani napaka?"

"Mimi." Monique hakumtaja, na mashine ya taipu nje ilisita kidogo, ikaendelea. "Majani yalikuwa yanageuka manjano. Niliogopa."

Meja aliegemea nyuma. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya upole, na Nusura angependelea apige kelele.

"Kwa nini nageuka manjano, mama?"

Jibu lilikuwa mdomoni, fupi, la kweli, na lilikuwa kifo. Nusura aliweka sinia mezani, akakunja mikono.

"Afande, mimi nina kosa. La zamani. Kwetu chai ya mkubwa haimfikii kabla aliyepika hajainywa mbele yake. Wazungu walinikataza, wakasema ni uchafu, nikawasikiliza. Wazungu wameondoka, mimi nimebaki na adabu yao. Leo naomba ruhusa nirudishe ya kwetu."

Hakutazama ua. Lilikuwa pale, kati yao, na hakuna aliyelitazama.

Meja akasukuma kikombe kwa kidole kimoja.

"Kunywa."

Nusura akanyoosha mkono kuchukua kijiko.

"Hapana. Yote."

Ilikuwa ya moto, ya kuchemka hasa. Alikunywa mpaka mwisho, ulimi ukiungua, vijiko vinne vya sukari ambavyo hakuwahi kujionjesha katika maisha yake ya utumishi. Akaweka kikombe. Kilikuwa kitupu kama vile vya kila siku.

"Kaa pale," Meja alisema, akaonyesha kupitia mlango uliokuwa wazi. "Saa moja."

Alionyesha kiti cha Okeny.

Hakuna aliyekuwa amekikalia tangu Februari. Nusura alikaa kwenye ncha ya kiti, mgongo wake ukigusa koti, na chumba chote kikaacha kupumua. Makarani waliinamisha vichwa kwenye mafaili. Monique alipiga mstari mmoja, akaurudia, akaurudia tena. Baadaye ilionekana alikuwa ameandika *Kuhusu barua yako ya tarehe* mara kumi na tisa. Kutoka ndani Meja alimtazama yeye, kisha saa, kisha yeye.

Sumu haikuwamo, hilo alilijua. Lakini mtu anaweza kufa bila sumu, na hilo ndilo lililomtoa jasho. Mwanamke wa miaka arobaini na minne ambaye hajala tangu Jumamosi, akianguka tu kwa kizunguzungu? Akitapika? Tumbo likanguruma, na karani wa karibu akasogeza kiti chake inchi mbili. Dakika ya ishirini ikaja chafya. Ilitoka kwenye koti, kwenye vumbi la mshono wa bega ambalo hakulipangusa vizuri kwa sababu alikuwa anatazama kwingine. Aliishikilia puani kwa vidole viwili, machozi yakimtoka, akiomba kwa majina yote tisini na tisa asije akauawa na chafya. Ikarudi. Ikaja tena, akaimeza. Mfuko wa koti ukachakarisha karatasi nyuma yake: peremende za Okeny, bado zimo.

Saa moja ikaisha. Meja akaja akasimama mlangoni.

"Bado mzima?"

"Mzima, Afande."

"Tumbo?"

"Lina njaa tu."

"Leta ingine."

Alileta. Alikunywa nusu mbele yake, akageuza kikombe upande ambao hajagusa, akampa. Meja alinusa. Akanywa kidogo, akangoja, akanywa tena, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyevua buti mwisho wa siku.

"Miezi miwili..." alisema, akajikata. Wakatazama pande mbili tofauti, wote wawili wakikubaliana kwamba hakuna lililosemwa. "Iko tamu," alimalizia, kwa ukali.

Mchana ule Nusura alikitoa chungu dirishani, akakiweka kwenye rafu ya kivuli. Aliyashika majani ya manjano moja moja, chini kabisa kwenye kikonyo, akazungusha, akavuta. Yalitoka manane, na lile la Ntinda likawa la tisa. Akaukwangua udongo wa juu uliochacha, sisimizi wake na yote, akaujazia mkavu, akatia maji kwenye sahani na baadaye akayamwaga. Ijumaa kifimbo kilichokuwa kimepigwa msasa kilihesabu mpaka kumi na nne, kikasimama hewani.

"Tisa wapi?"

"Wamestaafu, Afande."

"Nani nasaini?"

"Wagonjwa, Afande. Hawakuomba hata pensheni."

Meja alitazama chungu, akatazama kikombe chake, ambacho Nusura alikuwa ameshakinywa nusu. Pua yake ilitoa sauti fupi ambayo kwa mtu mwingine ingeitwa kicheko. Akamwita Monique abadilishe namba kwenye amri.

Ua likapona. Septemba lilikuwa na majani kumi na nane, magumu, yamesimama wima, likistarehe kwenye rafu yake ya upepo kama mtumishi aliyehamishwa kutoka kazi mbaya. Na ni kweli lilikuwa limehamishwa. Kazi yake alipewa Nusura: nusu kikombe kila saa nne asubuhi, kisha saa moja kwenye kiti cha Okeny, mlango wazi, saa ya ukutani ikitazamwa. Chai yake alijua haina kitu. Lakini alikuwa anajua pia watu waliotoka mlangoni mwa Meja bila kibali, na waliokuwa na ndugu aliyeitwa kwa maswali mawili, na makarani wenyewe, ambao hakuwahi kuwatazama usoni. Siku moja alianza kuwahesabu kwa vidole wale ambao wangefurahi kumtilia Meja kitu kwenye birika, akafika mkono wa pili, akaacha. Tangu siku hiyo birika halikukaa peke yake. Alikwenda nalo kabatini, alikwenda nalo chooni, na Monique alipomtania kwamba sasa ameolewa nalo, hakucheka.

Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Nusura binti Maftah alisimama kwenye mwanga wa dirisha la jikoni, akafungua viganja vyake viwili, akavivuta karibu na macho, akaangalia kama vimeanza kupiga manjano.